Somo la Kikundi: Panga Riwaya Yako Kabla ya Kuiandika



Siku moja, mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama huko Ukambani ulipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma. Alitoa madaftari matatu kwenye kikapu chake. "Hii ni hadithi yangu," akasema. "Naiandika tangu tuvune kunde. Lakini imenishinda. Nimefika mahali sijui huyu mtu wangu aende wapi."

Tukayafungua. Daftari la kwanza lilikuwa tamu kabisa: mweka hazina wa kikundi, mwanamke anayeaminiwa na wote, anachukua pesa za wenzake kwa siri ili amtibu mtoto wake. Daftari la pili lilikuwa limejaa watu. Kulikuwa na harusi mbili, ajali ya matatu, na mganga mmoja aliyeingia bila sababu akatoka vivyo hivyo. Daftari la tatu lilikuwa na kurasa sita tu zenye maandishi. Zilizobaki zilikuwa nyeupe.

Mama huyo hakukosa akili wala maneno. Alikosa mpango. Je, kikundi chenu kikitaka kuchimba kisima, mnaanza kwa jembe? Hapana. Kwanza mnakaa chini na kuulizana: Tunataka nini hasa? Maji yako upande gani? Ni nini kitatuzuia? Tukishindwa, tutapoteza nini? Riwaya nayo ni vivyo hivyo. Ni kazi ya miezi mingi, na kazi ya miezi mingi haishikiki kichwani peke yake.

Katika somo hili tutajifunza hatua saba za kupanga riwaya. Mfano wetu utakuwa hadithi ya mama huyo, naye ametupa ruhusa. Someni hatua moja kwa mkutano mmoja, msizimeze zote mara moja.

HATUA YA 1: ANDIKA SENTENSI MOJA

Riwaya ni hadithi ndefu, lakini mbegu yake ni ndogo. Kabla ya kitu kingine chochote, andika sentensi moja au mbili zinazojibu maswali manne:

1. Ni nani?
2. Anataka nini?
3. Ni nini kinamzuia?
4. Akishindwa, atapoteza nini?

Chukua riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana Kongowea anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake huko Kitale, baba ambaye hakuwahi kuishi naye. Basi! Mambo mengi yanampata njiani, lakini msomaji hapotei, kwa sababu anajua wakati wote kijana huyu anatafuta nini.

Mama wetu alikaa na swali hili wiki nzima. Mwishowe aliandika hivi: "Syombua, mweka hazina wa kikundi cha wanawake 22, amechukua shilingi 30,000 za tangi la maji ili mwanawe afanyiwe upasuaji. Anataka kuzirudisha kabla ya siku ya kununua tangi. Ukame unamzuia, na asipofaulu atapoteza jina lake mbele ya watu wote anaowapenda."

Aliposoma sentensi hizo kwa sauti, watu walinyamaza. Wote walitaka kujua itakuwaje. Hiyo ndiyo dalili ya mbegu nzuri. Mkisoma sentensi yenu na hakuna anayeuliza "halafu?", bado hamjaipata.

HATUA YA 2: MJUE MTU WAKO

Mtu wa hadithi huitwa mhusika. Umjue kama unavyomjua jirani yako, si jina na umri peke yake. Jiulizeni:

- Anaogopa nini kuliko vitu vyote?
- Ni jambo gani analojivunia?
- Ana siri gani ambayo hata mume au mke wake haijui?
- Akikasirika, hufanya nini? Hupiga kelele, au hunyamaza na kuosha sufuria ambazo tayari ni safi?

Hilo swali la mwisho si mchezo. Ukilijibu, utajua Syombua atafanya nini siku atakayoulizwa habari za pesa. Hutalazimika kubuni.

Ni vizuri pia kujua wema wake na kasoro yake. Wema wa Syombua ni kwamba hamnyimi mtu msaada. Kasoro yake ni kwamba hawezi kuomba msaada. Yeye ndiye husaidia watu, hasaidiwi. Hapo tukaona jambo muhimu: angeweza kuwaambia wenzake siku ileile mtoto alipoanguka. Pengine wangemchangia. Lakini kiburi chake hakikumruhusu. Kwa hiyo shida yake haikuanza hospitalini. Ilianza ndani yake. Hadithi yenye mzizi kama huo inakuwa na nguvu.

HATUA YA 3: AMUA NI WAPI NA LINI

Watu wengi huruka hatua hii, kisha inawarudia. Mama wetu hakuwa ameandika mwaka wa hadithi yake. Kijana mmoja akamuuliza, "Mama, kwa nini Syombua asitumiwe pesa na ndugu yake wa Nairobi kwa simu?" Swali zuri! Kama hadithi ni ya leo, msomaji yeyote atauliza hivyo.

Akaamua kuiweka mwaka 2000, mwaka wa ukame mkali ambao wengi bado tunaukumbuka. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, kwa hiyo mwaka 2000 hakuna anayetumiwa pesa kwa simu. Tena karo ya shule ya msingi ilikuwa bado inalipwa, maana elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003. Unaona? Tarehe moja tu, na tayari mlango mmoja wa kutorokea umefungwa na mzigo mwingine umeongezeka mabegani mwa Syombua.

Chora pia ramani ya kijiji chako cha hadithi. Weka nyumba ya kila mtu, njia ya mtoni, soko, na mwembe alioanguka mtoto. Ramani hii itakuzuia kuandika kwamba mto uko nyuma ya nyumba katika sura ya 2, na kwamba ni mwendo wa saa mbili katika sura ya 9.

HATUA YA 4: SIMAMISHA NGUZO TANO

Nyumba yetu ya kawaida ina nguzo za pembeni na nguzo ya kati. Riwaya nayo inaweza kusimama kwa nguzo tano. Hizi ndizo nguzo za hadithi ya Syombua:

Nguzo ya 1: Maisha ya kawaida. Kikundi kinakutana. Kila mwanachama anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Wamefanya hivyo miezi 14, na sanduku lina shilingi 61,600 za kununulia tangi. Syombua anahesabu pesa, na hakuna anayerudia kuhesabu baada yake. Hivyo ndivyo anavyoaminiwa.

Nguzo ya 2: Mlango usiorudi nyuma. Mutinda, mwanawe, anaanguka kutoka mwembeni na kuvunjika mfupa wa paja. Hospitali inataka amana kabla ya upasuaji. Usiku Syombua anachukua shilingi 30,000. Anajiambia atauza fahali wake na kuzirudisha kabla ya mwezi kwisha. Toka hapo hawezi tena kuwa mtu yule wa jana.

Nguzo ya 3: Mambo yanageuka katikati. Ukame umezidi. Kila mtu anauza mifugo, bei imeanguka, na fahali amekonda. Anaambulia pesa kidogo sana. Wakati huohuo wanakikundi wanaamua kununua tangi mapema, kwa sababu kisima kimekauka. Siku aliyonayo Syombua inasogea karibu.

Nguzo ya 4: Giza. Inajulikana kwamba pesa zimepungua. Lakini anayeshukiwa si Syombua. Ni Kalekye, mwanamke maskini kuliko wote, kwa sababu ameonekana na mabati mapya. Syombua yupo hapo. Anasikia. Ananyamaza.

Nguzo ya 5: Mwisho. Syombua anasimama mkutanoni na kusema.

Angalieni nguzo ya 4. Mpaka hapo tulikuwa tunamhurumia Syombua, na tulikuwa na haki. Lakini anaponyamaza mwingine akihukumiwa, huruma yetu inaingia mashakani. Mama mmoja aliruka akasema, "Aa, sasa amekosa kweli!" Mwingine akamjibu, "Na wewe ungesema?" Ubishi ukachukua nusu saa. Hadithi inayowagawanya wasikilizaji namna hiyo iko hai.

Jambo jingine kuhusu mwisho: utoke kwa mhusika mwenyewe. Mama wetu alikuwa amefikiria mwisho ambapo mjomba tajiri anatoka Mombasa na bahasha ya pesa. Tulimkatalia kwa heshima. Msaada wa ghafula unaweza kumwingiza mtu taabuni, lakini usimtoe. Msomaji amemfuata Syombua kurasa mia mbili ili aone yeye atachagua nini, si mjomba atachagua nini. Wala mwisho usiwe rahisi mno. Syombua akisema ukweli, wengine watamsamehe na wengine hawatamsamehe. Ataondolewa katika cheo chake. Kalekye huenda asimsalimie tena. Riwaya si mahubiri, hailazimiki kufunga kila kidonda.

HATUA YA 5: UNGANISHA KWA "KWA HIYO" NA "LAKINI"

Someni mistari hii miwili:

"Mvua ilikosa. Halafu mama aliuza mbuzi. Halafu mtoto alitoroka shule."

"Mvua ilikosa, kwa hiyo mama akauza mbuzi ili walipe karo. Lakini pesa hazikutosha, kwa hiyo mtoto akatoroka shule kwa aibu ya kufukuzwa kila Jumatatu."

Matukio ni yaleyale. Lakini ule wa kwanza ni orodha, na ule wa pili ni hadithi. Neno "halafu" linapanga matukio kama magunia kwenye ghala. "Kwa hiyo" na "lakini" yanayafunga pamoja kama pete za mnyororo.

Waandishi wazuri hufanya hivyo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, baba mlevi anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Kwa hiyo Rosa anakua akiwaogopa wanaume, bila kufunzwa namna ya kuishi nao. Kwa hiyo anapofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, hana ngao yoyote. Msiba wa mwisho wa kitabu hicho una mzizi katika kurasa zake za mwanzo. Haukuanguka kutoka mbinguni.

Sasa chukua hadithi yako. Kati ya kila tukio na linalofuata, jaribu kuweka neno "kwa hiyo" au "lakini". Mahali ambapo ni "halafu" tu ndilo linaloingia, pana ufa. Mama wetu alipofanya hivyo, harusi mbili, ajali ya matatu na mganga vilianguka vyenyewe. Alisikitika kidogo kwa sababu ya ile ajali, maana alikuwa ameiandika vizuri. Tukamwambia aikunje aiweke. Inaweza kufaa hadithi nyingine.

HATUA YA 6: TENGENEZA KADI ZA SURA

Hamhitaji vifaa vya bei. Chukueni kalenda za zamani au katoni, mkate vipande 20 vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande ni sura moja. Juu yake andikeni mistari minne tu:

- Wapi na lini
- Mhusika anataka nini katika sura hii
- Kinachomzuia
- Mwisho wa sura, nini kimebadilika

Hii ni kadi moja ya mama wetu:

"Sura ya 12. Sokoni, Jumamosi asubuhi. Syombua anataka kuuza fahali kwa bei itakayotosha. Wanunuzi wanajua watu wana njaa, wanatoa bei ya mbuzi. Mwisho: ameuza, pesa hazifiki hata nusu, na Kalekye amemwona akilia."

Kama mstari wa nne hauna la kuandikwa, sura hiyo haina kazi. Iondoeni au iunganisheni na nyingine.

Tandazeni kadi zote kwenye mkeka. Zihamisheni. Jaribuni kuanza na kadi ya tatu muone inakuwaje. Kwa hadithi ya Syombua mgawo ulikuwa hivi: sura 1 hadi 4 maisha ya kawaida na ajali ya mtoto, sura 5 hadi 9 kuchukua pesa na kuficha, sura 10 hadi 13 mambo kugeuka, sura 14 hadi 17 giza, na sura 18 hadi 20 mwisho. Uzuri wa kadi ni kwamba kuitupa moja hakuumi. Kutupa sura nzima iliyokwisha kuandikwa kunauma sana.

HATUA YA 7: KIKUNDI KITAFUTE MATUNDU

Mpango ukikamilika, usimulie mbele ya watu, nao wakazane kuutoboa. Hapa ndipo kikundi kinapomfaa mwandishi kuliko kitu chochote.

Mama wetu alisimulia mpango wake wote. Alipomaliza, mwenyekiti, ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja maishani mwake, akamuuliza, "Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hilo lako je?" Mama akajibu kwamba nalo lina kufuli tatu. "Basi Syombua alilifunguaje peke yake usiku?"

Kimya. Tulidhani hadithi imekufa. Lakini mama alikwenda nyumbani akakaa na swali hilo, akarudi na jibu ambalo liliifanya riwaya yake kuwa bora mara mbili. Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa Syombua mwenyewe, kwa sababu kikundi kilipuuza kanuni kwamba anayelaza sanduku nyumbani kwake asishike ufunguo. Wa pili ulikuwa wa katibu, Katunge. Alipokwenda matangani kwao Kitui alimwachia Syombua, akisema, "Wewe ni mtu wetu." Wa tatu ulikuwa wa mwenyekiti mzee, Nzilani. Huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kijiji kizima kinajua.

Sasa mnaona? Sanduku halikufunguliwa na mtu mmoja. Siku ya mkutano wa mwisho, wanawake watatu wana jambo la kujibu, na wale 22 wote wana swali la kujiuliza: kwa nini katika kikundi chetu mtu aliona ni rahisi kuiba kuliko kuomba? Swali la mama asiyesoma riwaya ndilo lililoleta hayo.

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walitayarisha rasimu ya mchezo wa kuigiza wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliijadili na kuirekebisha. Wazee walisahihisha lugha, na watu wakaongeza nyimbo na mambo ya maisha yao wenyewe. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huohuo, na mwezi wa Novemba serikali ikaufutia kibali. Ule ulikuwa mchezo, si riwaya, lakini funzo ni lilelile: mpango ukiwekwa mbele ya watu wanaoyajua maisha hayo, unapata nyama na mifupa.

TAHADHARI: USIMWANIKE JIRANI

Hili tunalisema kwa uzito. Kijijini kila mtu anajulikana. Ukiandika juu ya mwanamke mwenye pengo, anayeuza mboga karibu na posho mill, watu hawatauliza jina. Kalamu inaweza kuvunja nyumba.

Kwa hiyo wakati wa kupanga, changanya. Chukua tabia ya huyu, kazi ya yule, na shida ya mtu wa tatu uliyemsikia mbali. Badilisha mwaka na mahali. Kisha jiulize kwa ukweli: naandika ili nielewe, au naandika ili nilipize? Kama ni kulipiza, weka kalamu chini kwanza. Mama wetu aliulizwa mara nyingi, "Syombua ni nani hapa kwetu?" Jibu lake lilikuwa moja: "Nimemtengeneza mwenyewe, kama ninavyosuka kyondo."

HESABU YA KAZI

Ukurasa mmoja wa daftari, kwa mwandiko wa kawaida, huchukua maneno kama 200. Sura 20 za kurasa 10 kila moja ni kurasa 200, yaani maneno kama 40,000. Madaftari mawili ya kurasa 96 hayatatosha kabisa, nunua matatu. Ukiandika ukurasa mmoja kila siku utamaliza kwa siku 200, karibu miezi saba. Ukiandika siku tatu tu kwa wiki, itakuwa wiki 67, mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Chagua mwendo unaouweza wakati wa kupalilia, si wakati wa mapumziko peke yake.

Na mpango usiwe bwana juu yako. Ukiwa sura ya 8 na mhusika akakataa kufuata kadi, msikilize. Pengine anajua zaidi. Badilisha kadi zilizobaki, kisha endelea.

VIFAA VYA KUKUSAIDIA

1. Daftari dogo la mfukoni. Andika maneno unayoyasikia: namna mzee anavyokataa bila kusema hapana, bei ya sokoni, jina la upepo wa jioni.

2. Wazee. Waulize habari za miaka ya hadithi yako. Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa kwanza.

3. Kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inafaa. Kikundi kinaweza kununua nakala moja na kuitumia pamoja.

4. Maktaba. Huduma ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na miji mingi ya kaunti ina maktaba. Azimeni riwaya na kuzichambua kwa zile nguzo tano. Njia nzuri ya kujifunza kupanga ni kupangua kazi ya mwingine.

5. Sikio la kikundi. Someni sura kwa sauti. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliandika riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Askari walimnyang'anya mswada huo wakati wa upekuzi, baadaye akarudishiwa. Kilipochapishwa mwaka 1980, watu wengi walisomewa kitabu hicho kwa sauti, nyumbani na hata kwenye vilabu vya pombe. Basi asiseme mtu kwamba hana meza ya kuandikia.

6. Hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwako. Lakini wazo tupu halilindwi, linalolindwa ni maandishi. Mkiandika pamoja, wekeni kwenye kumbukumbu za mkutano ni nani mwenye kazi na mapato yatagawanywaje. Fanyeni hivyo kabla ya sura ya kwanza, si baada ya ugomvi.

7. Mashindano. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 ili kukuza maandishi ya Kiswahili, pamoja na miswada ambayo haijachapishwa bado.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Mama wetu sasa yuko sura ya 11. Hajamaliza, na msimu wa mvua ulimrudisha nyuma. Lakini hajakwama tena. Kadi zake ziko ndani ya mkebe wa majani ya chai, na akirudi kutoka shambani anajua atakapoanzia.

Kikundi chake nacho kilisikiliza. Baada ya kusomewa sura ya 5, usiku ule wa kufuli tatu, mwenyekiti hakusema neno. Mkutano uliofuata alileta hoja mbili. Kwanza, anayelaza sanduku asishike ufunguo. Pili, kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi kwa mfuko wa dharura, ili mwenye mgonjwa aombe bila aibu. Zote mbili zilipita bila kupingwa. Hakuna aliyetaja jina la Syombua, lakini kila mmoja alikuwa akimfikiria.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, Syombua ni mwizi? Toeni sababu.
2. Kama mngekuwa waandishi, mngemfanya Kalekye afanye nini mwishoni?
3. Ni tundu gani jingine mnaloliona katika mpango huu?
4. Ni hadithi gani katika kijiji chenu ambayo haijaandikwa, na itapotea wazee wakiondoka?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanachama aje mkutano ujao na sentensi zake, zenye majibu ya yale maswali manne ya hatua ya kwanza. Asiyejua kuandika aje nazo mdomoni, katibu atamwandikia.